Kipimo cha Jumatatu

Mgeni alifika Jumatatu asubuhi, wiki tatu kabla ya maonyesho, wakati ambapo hata jamaa wa karibu hawathubutu kukanyaga karakana ya mavazi. Hakubisha hodi. Mlango ulisukumwa tu, ukaingiza kwanza baridi ya ngazini, kisha sanduku dogo jeusi, na mwisho mwanamke mrefu mwenye koti lililoloa mabegani.

"Vifungo tunavyo, dada," alisema Shangazi wa Pasi bila kuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Vifungo, zipu, uzi, vyote tunavyo mpaka tunavigawa bure. Jaribu ghorofa ya chini."

"Siuzi vifungo."

"Hata hicho unachouza, hatununui."

Mzee Milimita alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba na pini nne mdomoni, akipanga upindo wa gauni la majaribio. Gauni lilikuwa la merikani nyeupe, kitambaa rahisi wanachokiharibu kwanza kabla ya kugusa kile cha thamani. Ndani ya gauni, juu ya kisanduku cha mbao, alisimama Kipimo. Mzee hakuweza kusema chochote na pini zile mdomoni, kwa hiyo aliguna tu, na mguno wake ulimaanisha: funga mlango, baridi inaingia.

Mgeni aliufunga. Kisha akataja kazi yake, na pasi ya Shangazi ikabaki juu ya kola mpaka ikaanza kunuka.

Alikuwa mtabiri wa mitindo. Kila msimu, kabla ya maonyesho, alizunguka kwa wabunifu akiangalia nguo zinazokuja, kisha akaandika taarifa yake. Alichokiandika leo ndicho kilichoning'inia madukani mwakani, na ambacho hakukiandika kilibaki kuwa kitambaa. Kwa kawaida alialikwa miezi mingi kabla, na mara nyingi hakuja. Safari hii alikuwa akipita barabara ya jirani, mvua ikamkuta, akakumbuka kuna karakana hapa juu.

Madamu, mwenye karakana na mbunifu wa kila kilichotoka humo, alitoka ofisini mwake mbiombio akiwa na kiatu kimoja mkononi.

"Karibu! Karibu sana! Shangazi, mpe mgeni kiti. Si hicho, kina pini."

"Msinijali," alisema Mtabiri. "Nataka kuziona nguo tu. Zote, kwa mpangilio zilivyokatwa, ya kwanza mpaka ya mwisho."

Huko nje watu walitembea wamejikunyata ndani ya masweta, lakini humu ndani walikuwa wamekwisha kuufikia msimu wa machipuko: pamba nyepesi, kitani, rangi za majani mabichi na maziwa. Ndivyo kazi ilivyo. Ukishona nguo za msimu unaouishi, umechelewa. Shangazi alizisukuma nguo kumi na tisa kwenye chuma chenye magurudumu, na chuma kile kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Inafaa kueleza hapa jinsi karakana ile ilivyofanya kazi, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka humo. Kwingineko walishonea sanamu la mbao lililovikwa kitambaa, lenye kipimo kimoja mwaka hadi mwaka. Madamu aliyachukia masanamu. "Hapa hatushonei mti," aliwaambia wageni. Alishonea mwili hai wa mwanamke mmoja, na mwili huo ulikuwa wa Kipimo kwa miaka kumi na moja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kiasi kwamba hata mleta barua aliuliza, "Kipimo yupo?" Kila Jumatatu asubuhi Mzee Milimita alimpima, akaandika tarakimu kwenye daftari, na nguo zote alizokata wiki ile zilifuata Jumatatu ile. Si ya wiki iliyopita, si ya mwezi uliopita. Wengine walimwona ana wazimu. Alikuwa amewahi kufumua koti zima kwa sababu ya milimita moja begani, na ndipo alipolipata jina lake. Miaka thelathini na mmoja ya kukata, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea.

Mtabiri alitembea kando ya nguo polepole, akizigusa kwa mgongo wa mkono kama mama anayepima homa ya mtoto. Alipofika mwisho aligeuka, akarudi mwanzo, akatembea tena.

"Nani amekata hizi?"

Mzee alitoa pini mdomoni. "Mimi."

"Ulikusudia?"

Hakuelewa anaulizwa nini, lakini Madamu alikwisha kudaka swali. "Bila shaka tulikusudia. Humu hakuna kinachotokea kwa bahati."

"Mwanamke anaondoka," alisema Mtabiri. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Angalieni. Koti hili la kwanza limejaa, lina mtu ndani yake. Hili la saba, ameanza kujitoa. Hili la kumi na nne, mkono umekuwa kama wa mtoto. Na hili la mwisho karibu halina mtu. Huu si mkusanyiko wa nguo, ni mtu anayeyeyuka mbele ya macho yetu. Miaka kumi sijaona kitu kama hiki." Alitoa daftari lake, akaandika huku akisoma kwa sauti. "Mkono uliobana. Kiuno cha shingo ya chupa. Umbo linaloaga. Hii ndiyo habari ya machipuko. Naiandika leo hii, na maduka yote yatafuata."

Madamu alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pini na hakuwa na habari.

"Na wewe, dada," Mtabiri alimwambia Kipimo, "umependeza mno. Unakula nini?"

"Nakula kama watu," alisema Kipimo kutoka juu ya kisanduku.

"Anatuficha huyu!" Shangazi alidakia. "Mimi tangu mwaka juzi naacha mkate, lakini mkate wenyewe hauniachi. Kila siku namwambia, Kipimo, tupe siri hiyo, tusife na nyonga zetu."

Wakacheka wote. Kipimo naye alicheka, kidogo, kwa kuwa pini zilikuwa karibu. Mzee Milimita hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, na mbele ya macho yake kulikuwa na miguu miwili ndani ya soksi nyeupe. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba soksi zile zilikuwa zimeteremka mpaka kwenye visigino, kwa kukosa mguu wa kuzishika.

*

Mchana wenzake walipokwenda kula, alifungua daftari.

Daftari lile alilijua kama anavyojua kiganja chake. Kila Jumatatu aliandika mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia: kifua, kiuno, nyonga, mkono wa juu, mgongo. Aliusoma mstari wa siku ile, akauhamishia kwenye karatasi za kukatia, basi. Siku ile alisoma kutoka juu kwenda chini.

Kifua themanini na nane. Themanini na saba na nusu. Themanini na saba. Kiuno sitini na nane, sitini na saba, sitini na sita. Mkono ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na tano. Wiki kumi na nne. Hakuna hata mahali pamoja ambapo tarakimu ilipanda. Asubuhi ile ile, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya risasi aliyoichonga vizuri, alikuwa ameandika kiuno sitini. Aliandika bila kusita. Alizungusha futi kwenye mwili wa binadamu mara kumi na nne, akausikia unapungua mikononi mwake, na alichofikiri ni kwamba kitambaa cha wiki hii kitatosha.

Alimkuta Kipimo kwenye stoo ya vitambaa, ameketi juu ya robota la pamba. Mapajani alikuwa na mkate uliong'atwa mara moja.

"Mwanangu," alisema, "tangu lini?"

Kipimo alimtazama, akaona daftari kwapani mwake, akajua hakuna haja ya kuzunguka. "Tangu koti la tatu," alisema. Humo ndani walihesabu siku kwa nguo.

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda. Kuna kitu tumboni. Daktari alinionyesha kwenye picha, kinafanana na kifungo cha koti. Akaeleza maneno mengi sana, mzee wangu. Mimi nimeshika moja tu."

"Lipi?"

"Tumechelewa." Aliukunja mkate ndani ya karatasi yake. "Wananipa dawa za kukichelewesha tu. Hawanidanganyi, lakini."

Mzee aliketi kwenye robota la pili. Alitaka kusema kitu cha maana, lakini kilichomtoka ni: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unanipima kila wiki, baba."

Hakuisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alibaki anatazama sakafu, mahali ambapo nyuzi zilizokatwa zilikusanyika kwenye nyufa za mbao.

"Kadi inayonilipia hospitali ni ya kazi hii," aliendelea Kipimo. "Madamu akijua naumwa, atatafuta mwili mwingine kesho asubuhi. Simlaumu, nguo haziwezi kungoja. Lakini mkataba wangu unaandikwa upya siku mbili baada ya maonyesho, kwa mwaka mzima. Nikishatia sahihi, hata nikilala kitandani kadi inaendelea. Wiki tatu tu nahitaji. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

"Hata mama kule nyumbani kwako."

"Hata yeye."

Kipimo akauliza, kama mtu anayeomba kuazima kitu kidogo: "Nguo ya kufungia bado hujaikata?"

Nguo ya kufungia ndiyo inayotoka mwisho kwenye maonyesho, ile watu wanayokwenda nayo nyumbani kichwani. Kitambaa chake kilikuwa pale pale juu yao, kimefungwa kwa karatasi laini: hariri ya rangi ya ganda la yai, iliyofumwa kwa mkono, yenye mistari myembamba ya fedha. Walikuwa wameingoja miezi minne. Ilikuwa ya gauni moja tu, na mfumaji alikuwa amesema hana nyuzi za kufuma nyingine.

"Bado. Ijumaa."

"Ikate kwa kipimo changu cha kwanza. Cha kabla ya koti la tatu."

"Haitakukaa, mwanangu."

"Najua haitanikaa. Kunikaa mimi hakunihusu tena." Alijifuta makombo kwenye sketi. "Miaka kumi na moja, kila mwanamke aliyevaa nguo za hapa amenivaa mimi. Nilikuwa nikimwona mtu barabarani na koti letu, najisemea, hapo kiunoni napajua, hapo begani ni kwangu. Ilikuwa inanifurahisha, usinicheke. Sasa leo yule mama anasema maduka yote yatafuata. Yatafuata nini? Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na sita. Anakata picha kwenye magazeti anabandika ukutani, halafu anasimama mbele ya kioo anajibana tumbo. Machipuko yakifika atataka kuingia kwenye koti la kumi na tisa. Ataacha kula ili aingie kwenye ugonjwa wa mama yake mdogo." Akapumua. "Siwezi kuzizuia zote. Moja tu, mzee wangu. Ya mwisho. Itoke ikiwa na mtu ndani."

"Nakuahidi," alisema Mzee Milimita.

Wakati ule lilionekana jambo dogo. Mkasi ulikuwa wake, daftari lilikuwa lake, na hakuna mtu aliyewahi kusimama nyuma ya bega lake.

*

Jumatano taarifa ya Mtabiri ilitoka. Kufikia saa nne asubuhi simu ya ofisini ilikuwa inalia mfululizo, na Madamu alitembea huku na huku akiongea kwa sauti ya mtu aliyevimba kichwa na anayejaribu kukificha. "Umbo Linaloaga" ndivyo Mtabiri alivyouita msimu mzima. Wabunifu wengine wawili walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba nao walikuwa na wazo hilo hilo tangu zamani.

Madamu alimwita Mzee kwenye meza ya kukatia.

"Hii ya kufungia," alisema, akiipapasa hariri ndani ya karatasi yake. "Lazima iwe nyembamba kuliko zote. Chukua kipimo cha Jumatatu, kisha toa sentimita mbili zaidi kila upande."

"Hakuna mwili wenye kipimo hicho, Madamu."

"Utapatikana. Wasichana wa maonyesho watajibana. Wiki tatu zinatosha."

"Nani atapumua humo?"

"Hiyo haipumuliwi, mzee. Inatembewa." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na Kipimo mwambie aendelee hivyo hivyo. Sijui anafanya nini, lakini asiache. Yuko pazuri sana sasa hivi."

Shangazi wa Pasi alisikia, akatikisa kichwa. "Kiuno cha sentimita hamsini na sita," alinong'ona baada ya Madamu kuondoka. "Hiyo ni shingo ya mume wangu. Tena mume wangu mnene wa shingo." Mzee alitabasamu kwa adabu. Alipotazama mlangoni aliona Kipimo amesimama ngazini, ameushika ukuta kwa mkono wote, anangoja kizunguzungu kipite ili aingie akiwa na uso mzuri.

Jioni ile Mzee alikula nyumbani kwake. Mkewe, ambaye alikuwa amemzoea kwa miaka mingi kiasi cha kumjibu maswali asiyoyauliza, alikuwa akikunja nguo zilizokauka kwenye kamba ya uani.

"Wamenipigia simu wale wa chuo cha ushonaji," alisema. "Wanauliza kama utaanza kufundisha muhula ujao au ule wa pili. Nimewaambia mwalimu wangu yuko tayari hata kesho, anangoja kustaafu tu. Mkuu wa chuo atakuja kwenye maonyesho yenu, anataka kuwaonyesha wanafunzi kazi yako."

"Atakuja?"

"Mbona unauliza kama mtu aliyeambiwa polisi wanakuja?"

Mzee alisimama. Alitoa futi mfukoni, akaenda nyuma ya mkewe, akaizungusha kiunoni mwake.

"We mzee! Unanipima nini? Huu mwili si unaujua?"

"Simama tu."

Alisimama. Aliacha shuka likining'inia mkononi, akacheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu mikono iliyomshika haikumwachia. Mzee alisoma tarakimu. Hakujua kama ilikuwa imepanda au imeshuka, maana hakuwahi kuiandika popote.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Kitambaa kinanisumbua."

"Kama kitambaa kinakuondolea raha, nunua kingine."

"Hakinunuliki," alisema, na hapo hakusema uongo.

*

Ijumaa alifika wa kwanza. Alipangusa meza mara mbili, akanawa mikono, akaitandaza hariri. Ilitiririka mezani bila sauti. Ile mistari ya fedha ilikuwa na tabia yake: ilizunguka mwili na kukutana kwenye mshono mmoja mgongoni, na ilikutana kwa kipimo kimoja tu, kile ambacho ungekikatia. Nguo nyingine ukiikata kubwa utaibana baadaye, hakuna aliyekufa. Hii haikubaniki. Ukiibana, mistari inapishana kama meno mabovu na makwapa yanashuka mbavuni. Ikishakatwa imekatwa.

Aliweka karatasi mbili kando kando. Moja ilikuwa ya Madamu: Jumatatu iliyopita, kasoro sentimita mbili kila upande. Nyingine aliichora usiku kwa kichwa, hakuhitaji daftari: themanini na nane, sitini na nane, tisini na tano. Alijua kila kitakachofuata. Angeweza kusema ukweli, lakini ukweli ungemtoa Kipimo kwenye kisanduku chake kabla ya saa sita, na kadi pamoja naye. Angeweza kutii, na hakuna mtu ambaye angejua isipokuwa mmoja, na huyo mmoja asingemlaumu. Angesema tu, "Si neno, baba," kwa sauti ile ile ya kwenye robota.

Ilibaki njia moja, na ilikuwa imejificha ndani ya neno ambalo hakuwahi kulitumia.

Alisimama muda mrefu. Chini barabarani watu walikuwa wakifungua maduka, milango ya chuma ikipanda mmoja baada ya mwingine. Aliwaza juu ya chuo, juu ya ubao mweusi na vijana wenye mikasi mipya, na jinsi alivyokuwa amekwisha kupanga somo la kwanza kichwani: namna ya kupima. Aliwaza jinsi ambavyo mwalimu wa kukata hawezi kuwa mtu aliyeharibu hariri ya mwaka mbele ya mji mzima. Kisha akaiondoa karatasi ya Madamu mezani, akaishikiza ile nyingine kwa vipande vizito vya risasi, akaweka mkasi kwenye ukingo wa kitambaa.

Mkasi ulitembea taratibu, bila kurudi nyuma. Alipomaliza, shati lake lilikuwa limegandana na mgongo ingawa chumba kilikuwa baridi.

*

Jumatatu walijaribisha.

Mzee mwenyewe alikuwa ameishikiza nguo kwa nyuzi ndefu, hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Kipimo alipanda kwenye kisanduku, akainua mikono, na hariri ikamshukia. Mistari ya fedha ilizunguka, ikakutana mgongoni bila kupishana hata unywele. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kukata. Ilimning'inia Kipimo kama pazia. Kwenye kiuno kulikuwa na nafasi ya ngumi mbili, na kifuani kitambaa kilisimama kivyake, kikingoja mtu asiyekuwepo.

Cherehani zilinyamaza. Shangazi wa Pasi alishika mdomo, macho yake yakihama kutoka kwenye nguo kwenda kwenye mikono ya Kipimo, kisha kurudi kwenye nguo, kama mtu anayefanya hesabu asiyotaka ifike mwisho.

Madamu alitoka ofisini. Alizunguka kisanduku mzunguko mmoja mzima.

"Hii ni ya nani?"

Shangazi aliinamia pasi yake.

"Nimeuliza, hii ni nguo ya nani? Mwanamke gani huyu?"

Kipimo alikuwa amejitazama kwenye kioo kirefu cha ukutani. Kwa muda alionekana kama amekutana na ndugu aliyedhani amehama mji. Kisha akasikia sauti ya Madamu, akamtazama Mzee, akaona wazi kile ambacho mzee alikuwa anakaribia kukifanya. Hakuwa amekifikiria. Alipoomba, aliomba kitambaa tu.

"Madamu," alisema, "usimuulize yeye. Mimi ndiye nili..."

"Wewe simama wima, mwanangu," Mzee Milimita alimkatiza kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Ukijitikisa, nyuzi zitakatika." Akamgeukia Madamu. "Nilisoma mahali pasipo pake. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa mwanzo nikadhani ni wa mwisho. Macho yangu si yale tena."

"Ukurasa wa mwanzo." Madamu alizirudia silabi moja moja. "Miaka thelathini na mmoja unafumua makoti ya watu kwa milimita moja, leo unanikosea sentimita kumi na mbili? Kwenye hariri hii?"

"Ndiyo."

"Inaweza kubanwa?"

"Haiwezi."

Madamu alijua haiwezi. Alikuwa mbunifu, aliona mistari ile. Aliushika upindo, akauachia, na uso wake ukabadilika rangi mara mbili. "Hariri hii imechorwa kwenye kadi za mwaliko. Nimeitangaza. Sina kingine cha kufungia. Itatoka hivi hivi, na nitachekwa mbele ya watu. Msimu mzima ni umbo linaloaga, halafu mwishoni anarudi mwanamke amekula akashiba!" Alivuta pumzi. "Wakiniuliza, lawama hiyo sitaibeba mimi. Yule mkuu wa chuo chako atakaa mstari wa mbele, na nitamwambia kwa kinywa changu nani aliikata na kwa nini. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi rudia. Semeni wote mmesikia, nisije nikaambiwa nimemsingizia mzee wa watu. Rudia ulichofanya."

Chumba kizima kilimtazama. Juu yake, ndani ya hariri, Kipimo alikuwa amefumba macho, na machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kukunjamana, akijitahidi yasidondoke kwenye kitambaa. Mzee aliinamia kisanduku, akapiga goti moja kisha la pili, akaanza kuupanga upindo kwa urefu wake sahihi.

"Nimekosea kipimo," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka ngazini, kisha akaweka pini ya kwanza.